Lori Langu na Kuku wa Mzee Mhoja

Jumapili, 2 Julai 1995
Mwaka mmoja, miezi minane na siku kumi tangu nitoke Kasulu. Nilisema nakwenda kwa msimu mmoja wa pamba. Msimu wa pili huu. Mgongo wangu hauulizi tena msimu wa ngapi.

Barua kutoka kwa mke wangu Kornelia. Yuko kwao. Baba yake, Mzee Marcelo, alimchukua tangu Pasaka, akisema binti yake hakuolewa na bahasha. Sasa kuna mtu mwenye mashine ya kusaga anapita pita pale nyumbani na salamu ndefu. Mzee amesema asipoona kwa macho yake hilo lori ninaloandika habari zake, mwisho wa Agosti anakalisha wazee na kurudisha mahari.

Nieleze hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa tano niliandika nyumbani kwamba nina lori. Si uongo mkubwa. Nalipakia kila siku. Hakuna anayelijua lile lori tumboni kama mimi. Nilisahau tu kutaja kwamba ni la mnunuzi wa pamba.

Kornelia anaandika kwamba kuku wake wametotoa kumi na mmoja, kila mmoja ana jina. Haulizi habari za lori hata kidogo. Huzuni imemzidi, bila shaka.

Mwenzangu wa chumbani, Novatus, naye ni wa Kasulu, mpakiaji kama mimi. Anakwenda likizo tarehe 17. Atabeba picha yangu nikiwa na lori. Nina wiki mbili za kuwa mtu mwenye lori.

Jumatatu, 3 Julai
Marobota sabini kabla ya chai. Siku hizi wanunuzi binafsi wamejaa Bariadi, kila mmoja na mizani yake na haraka yake. Zamani, wanasema, pamba ilisubiri chama cha ushirika. Sasa pamba haisubiri mtu, na mtu wa kuikimbiza ni mimi.

Nikamwomba dereva wetu, Mzee Boniventura, nisimame kando ya lori lake nipigwe picha. Mkono mmoja kwenye boneti, basi. Akaniuliza kama ni mchumba wangu. Nikasema hapana. Akasema basi mkono wako uweke mfukoni, we Muha, boneti hii nimeipiga msasa mwenyewe.

Roho mbaya! Nimeamua kupita njia nyingine. Nitajifunza kuendesha. Mtu akiwa nyuma ya usukani nani atamuuliza karatasi?

Jumatano, 5 Julai
Leo nimeingia shule ya Keneth.

Keneth ni utingo wetu, ana miaka ishirini. Jioni, kazi ikiisha, vijana wa mtaa wanakutana nyuma ya ghala. Wamepanga masanduku mawili: moja la kukalia, moja la mbele. Usukani ni mfuniko wa sufuria. Kanyagio ni vipande vitatu vya tofali. Njia za gia zimechorwa kwenye vumbi, na fimbo ndiyo gia yenyewe. Hakuna injini, injini ni mdomo wa Keneth. Anasimama pembeni na kunguruma. Ukikosea gia, anakwaruza. Ukiachia klachi vibaya, anakohoa na kuzimika.

Nilikwenda nikicheka. Nikarudi sicheki. Vijana wale wanaijua barabara ya Lamadi kona kwa kona, na wengine hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mbele maishani mwao. Mmoja alipandisha mlima kwa gia ya pili, akamkwepa punda, akasimama akamshusha abiria, na jasho lilimtoka kweli. Keneth mwenyewe nilimwona ghalani akifumba macho kusikiliza injini na kumwambia Mzee Boniventura kwamba silinda moja imechoka. Ilikuwa kweli.

Zamu yangu nilizima sanduku mara sita. Keneth alikohoa mpaka akaomba maji.

Akanishauri, kwa adabu, nibaki kwenye sanduku kwa mwezi mmoja. Sina mwezi!

Alhamisi, 6 Julai
Saa ya chakula Mzee Boniventura alikwenda kula ugali. Ufunguo aliuacha. Nikapanda. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama kwenye masanduku. Nikakanyaga, nikavuta fimbo kama nilivyofundishwa, nikaachia.

Lori likaenda nyuma.

Kwa bahati nyuma palikuwa na lundo la pamba iliyoletwa asubuhi kutoka Lagangabilili. Lori liliingia humo taratibu, kama ng'ombe anayelala. Hakuna kilichovunjika. Nilikuwa nimefunikwa mpaka dirishani, kama ndege kwenye kiota cha pamba.

Mzee Boniventura alikuja na tonge mkononi. Hakupiga kelele. Alisema kuanzia leo nisionekane hatua kumi karibu na lori lake isipokuwa nina robota begani. Novatus anasimulia kisa hiki kila mahali na kila mara lundo linaongezeka.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeona kitu leo ambacho nikikiandika vibaya nitakuwa nimekosa adabu.

Nilikwenda kulipa kodi kwa mama mwenye nyumba, Mayu Nyanjige. Nikamwamkia mwangaluka kama kawaida, nikazunguka uani. Pale chini ya banda binti yake Joyness alikuwa amepiga magoti mbele ya lori.

Lori la mbao na madebe. Linanifika juu kidogo ya goti. Keneth ndiye aliyelijenga, Joyness ndiye anayelipaka rangi. Ni la kikundi chao cha ngoma. Hapa mavuno yakiisha vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na ngoma yake, na watu wanakwenda wanakopenda. Upande unaobaki na uwanja mtupu umeshindwa, na utasikia habari yake mwaka mzima. Kwa hiyo kila kikundi kinatafuta kioja cha kuvuta macho. Mwaka huu kioja cha kikundi chao ni lori hili.

Niliinama. Nikakaa. Mwisho nikalala kifudifudi. Taa za mbele zina kioo, na ndani ya kioo amechora waya mwekundu wa globu. Kwenye dashibodi kuna saa ya mwendo, mshale uko kwenye arobaini. Kwa nini arobaini, nikamuuliza. Akasema kwa sababu limebeba. Juu kuna marobota kumi na mawili, kila moja lina namba yake, na namba hazijarudiwa. Brashi yake ni kijiti cha kiberiti chenye nywele tatu za mkia wa ndama. Nywele tatu! Joyness ana miaka kumi na minane na mkono wake hautikisiki hata kuku akimpita mgongoni. Mimi nikiandika jina langu daftari zima linatikisika.

Nilikaa mpaka nikasahau kodi. Mayu hakusahau.

Kisha, nikiwa bado nimelala kifudifudi, jicho moja limefumbwa, nikamwona Novatus kwa mbali amesimama mlangoni. Kutoka pale chini alionekana mdogo. Alionekana kimo cha mlango wa lori.

Mungu wangu! Wazo hili lilikuwa linanisubiri mimi tu.

Jumapili, 9 Julai
Picha imepigwa.

Josia mpiga picha alikuwa na pozi moja tu lililobaki kwenye mkanda. Moja inatosha kwa mtu aliyejipanga. Nilivaa shati la Novatus na saa ya Keneth. Lori liliwekwa mbele. Mimi nilisimama nyuma sana, karibu na choo. Josia alilala vumbini, akanipigia kelele kushoto, kulia, nyoosha mkono, shusha kidogo, mpaka mkono wangu, kwa jicho lake, ukawa umetua kwenye boneti. Akasema hata yeye angeniuliza nauli.

Hapo akatokea kuku.

Lazima nieleze kuku huyu. Kiongozi wa kikundi chao, Mzee Mhoja, wanamwita manju, ndiye anayetunga nyimbo na ndiye mwenye dawa. Aliagiza kuku mweupe alelewe na lori tangu akiwa kifaranga. Analala chini yake. Anakula kando yake. Amezindikwa pamoja nalo ili wapinzani wasiliroge. Mpaka siku ya ngoma hakuna ruhusa kumfukuza, kwa kuwa ukimfukuza kuku, umefukuza watu uwanjani.

Kuku akaja, akasimama palepale mbele, ubavuni mwa lori. Nikamwambia Keneth amswage. Keneth akakataa. Joyness, ambaye hajali sana dawa, akasema naye hathubutu, maana wakishindwa Mzee Mhoja atamtungia wimbo. Tukasubiri. Kuku naye akasubiri. Jua likaanza kuhama. Josia akasema mwanga hauna subira, akabonyeza.

Haidhuru. Kuku ni kitu kidogo. Nani ataona kuku penye lori?

Jumamosi, 15 Julai
Mkanda umerudi kutoka Mwanza.

Lori limetoka vizuri ajabu. Mtu angeapa ni la kweli, tena jipya. Nami nimetoka vizuri, nina uso wa mtu mwenye mali.

Kuku ana kimo changu.

Tumesimama bega kwa bega. Na mkono wangu, ambao ulipaswa kuwa kwenye boneti, umetua kwenye mabega ya kuku. Tunaonekana kama watu waliofunga ndoa serikalini.

Novatus aliitazama, akakaa chini. Akasema hii ataibeba bila malipo. Nilimnyang'anya.

Nikawaza kumkata kuku kwa mkasi. Ila akienda na mkono wangu unakwenda. Pozi jingine hakuna, Josia amekwenda Kiloleli kwenye harusi, na Novatus anaondoka keshokutwa alfajiri.

Nikaenda kwa Joyness. Nikamuuliza kama anaweza kumfuta. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye mwanga. Akasema, "Kumfuta siwezi, kaka Salva, nyuma yake sijui kuna nini. Kumgeuza naweza. Unataka awe nani?"

Awe nani! Swali lile lilinipiga moyoni. Nikasema awe mke wangu.

Nikamweleza Kornelia. Mwembamba, nikasema, mrefu wa shingo, na akicheka anaangalia pembeni. Nilieleza muda mrefu. Sikujua kama nakumbuka mambo mengi hivyo. Joyness alisikiliza, akanywesha brashi yake rangi.

Jumapili, 16 Julai
Jambo la ajabu kuliko yote niliyoyaona tangu nizaliwe.

Kuku hayupo. Amesimama mwanamke, amevaa kitenge, kilemba kichwani, ameangalia pembeni kidogo. Ukubwa wote ni kidole changu cha mwisho, lakini kitenge kina maua, na kila ua lina majani. Kwa nywele tatu za ndama! Niliomba kioo cha kukuzia cha karani wa mizani. Nilipoangalia nilitaka kuvua kofia.

Si mwembamba. Joyness aliomba radhi. Alisema kifua cha kuku hakikumpa nafasi, ilibidi mwanamke awe mnene. Na mkia ulimshinda kuufunika, kwa hiyo amembebesha mtoto mgongoni. Miguu ameiacha ilivyo, kwa kuwa kati ya kitenge na vumbi hapakuwa na mahali pa kuweka viatu. Nikamwambia miguu hakuna anayeiangalia.

Hivyo sasa nina picha: mimi, lori langu, mkono wangu begani mwa mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni. Mzee Marcelo ataona kwamba nimefanikiwa. Kornelia, ambaye bado sijajaliwa kupata naye mtoto, ataona ninachokiota. Akili iliyoje!

Mayu Nyanjige alipoiona aliuliza kama wakwe zangu ni watu wapole. Nikasema ni wakali sana. Akasema, "Bhabha, basi ungebaki na kuku."

Hawa watu wa hapa ni wema lakini mambo ya mapenzi yanawapita.

Jumatatu, 17 Julai
Novatus ameondoka na bahasha. Alikuwa akitabasamu njia yote mpaka stendi. Nadhani ni furaha ya kwenda nyumbani.

Jumamosi, 29 Julai
Siku ya ngoma.

Sijawahi kuona watu wengi hivi. Walitoka Nyalikungu, walitoka vijijini watu watatu kwa baiskeli moja. Wapinzani walikuwa na chatu wa kweli, mnene, anachezwa shingoni. Saa nzima uwanja ulikuwa kwao. Mzee Mhoja aliimba mpaka mishipa ikamsimama, watu wakamsikiliza kwa masikio na kumpa migongo. Nilimwona Keneth akitafuna kucha.

Kisha wakatoa lori. Keneth alilisukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu, akinguruma kwa mdomo wake kama shuleni. Likapanda mlima wa vumbi kwa gia ya pili. Likakwama. Watu wakageuza shingo. Akarudisha gia ya kwanza, akakwaruza makusudi, likapanda! Kila aliyewahi kubeba pamba alijua mlima ule. Wazee walianza kusukuma kwa mikono, hewani, hatua ishirini mbali. Na walioweza kufika karibu hawakutaka kuondoka, walipiga magoti kumwangalia Joyness akiweka namba kwenye robota la kumi na tatu, palepale, mkono hautikisiki, watu mia wakimhemea shingoni.

Jioni chatu alibaki na mwenyewe.

Nilimwona Mzee Boniventura kati ya waliopiga magoti. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba boneti yao imepigwa msasa vizuri kuliko yake.

Mzee Mhoja alisema ni dawa. Vijana hawakubishana. Kuku kazi yake ilikuwa imekwisha, wakamchinja, tukamla. Nilipewa paja. Nilikula bila kinyongo.

Jumamosi, 19 Agosti
Barua. Mkono wa Kornelia. Niliifungua ghalani, nyuma ya marobota, nikaisoma mara nne. Sehemu nainakili, isipotee.

"Baba alipoiona picha aliitupa chini, akasema huyu ameshaoa na amezaa, leteni wazee leo leo. Wazee walikuja, na mwenye mashine alikuja na shati jipya. Mimi niliiokota. Niliangalia miguu. Nikawaambia, huyu mwanamke ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Huyu ni kuku. Wazee walibishana mpaka jioni, kila mmoja akitaka aishike yeye. Baba alicheka, Salva. Sijamsikia akicheka tangu uondoke. Alisema binti yake hawezi kumwonea wivu kuku, na kikao kikavunjika."

Anasema mwenye mashine aliuliza kuna dhambi gani kuwa na mashine.

Na chini: "Mwambie aliyechora kitenge kwamba nimehesabu maua yake. Ni kumi na saba na hakuna linalofanana na jingine. Watu wa nyumba tatu wamekuja kuangalia. Baba amesema usipofika kabla mahindi hayajapandwa, kikao kinarudi, na safari hiyo hatacheka. Rudi wewe. Lori libaki huko huko."

Nilimsomea Joyness ile ya maua. Aliniomba niirudie. Kisha akasema yalikuwa kumi na nane, moja liko chini ya mkono wa mtoto. Akaendelea kupaka rangi. Ila masikio yake yalikuwa bado kwenye barua.

Jumapili, 20 Agosti
Nimelala nikiifikiria barua. Nimeielewa.

Mwanamke akisema lori libaki, maana yake ni kwamba lori analitaka ila anaona haya kuomba. Mzee Marcelo amecheka, yaani moyo umefunguka, ni wakati wa kuuingizia lori. Picha ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kuku. Na kuku tumemla.

Mambo yananyooka. Keneth amekwenda Shinyanga kufanya mtihani wa leseni, na Mzee Boniventura mwenyewe ndiye aliyempa nauli. Joyness ameitwa Lamadi kuandika majina kwenye malori ya samaki, malori makubwa, milango mizima. Amesema itakuwa kazi ngumu, hajazoea nafasi nyingi. Mwaka ujao watajenga ndege. Watu hawaji mara mbili kwa kioja kimoja, kwa hiyo lori la mbao hawalihitaji tena. Jana walinipa. Mlangoni Joyness ameongeza jina langu, dogo, safi, na juu ya marobota amechora mtu mmoja amelala na kofia usoni. Sijui ni nani. Amechorwa kwa ustadi mkubwa.

Josia amerudi na mkanda mzima. Leo tumepiga pozi nne. Uwanja nilifagia mwenyewe. Mbuzi wa Mayu nilimfunga mbali, na sidhani kama sikio lake limeingia.

Natarajia kuingia Kasulu Jumamosi, tarehe 7 Oktoba, saa kumi jioni, kama treni ya Kigoma haitachelewa. Lori litakuwa ndani ya gunia, begani. Nimemwandikia Mzee Marcelo kwamba nakuja nalo, na kwamba apanue mlango wa ua, mita tatu na nusu, lisije likakwaruzwa.